Rwanda: Nchi ya Helmeti Mbili

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338 na, kwa sensa ya 2022, watu milioni 13.2. Ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Fedha yake ni faranga. Lugha rasmi ni nne, Kiswahili kikiwa cha mwisho kuingia. Kahawa wanalima, chai pia. Takwimu nyingine zimo daftarini na zibaki humo, maana tangu nishuke Gitega nawaza helmeti tu.

Gitega iko wilaya ya Nyarugenge, Kigali, nyumba zimebanana mteremkoni, na Biryogo ya Waswahili haiko mbali. Nikasimamisha moto, ndivyo wanavyoita bodaboda. Dereva akanipa helmeti. Nikamwambia naenda hapo chini tu. “Funga, mzee,” akasema, na hakuwasha hadi alipousikia mkanda ukilia kidevuni pangu. Kila moto ina helmeti mbili, abiria mmoja. Mke na mume hukodi moto mbili, wakafuatana. Nilisimama njia panda nikitafuta abiria wa kichwa wazi, miguu ikachoka kabla sijampata.

Kwetu Tanzania sheria ya helmeti tunayo. Ila unaoivaa ni usukani, na mshikaki wa baba, mama na watoto wawili unapita mbele ya trafiki, naye anaangalia simu. Tunasema zinanuka, zinaharibu misuko. Kigali hawatoki jasho? Hawasuki?

Nimeagizwa niandike usalama. Mwaka 1994 Watutsi waliuawa kwa siku takriban 100, zaidi ya watu 800,000. Usimuulize mtu kabila lake, na wiki inayoanza Aprili 7 ni ya maombolezo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za pamoja za jamii, basi usipange safari kabla ya saa tano asubuhi. Magari hupita kulia: ukivuka, anza kutazama kushoto. Kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, iliyotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, ulizia kwanza. Mengine ni ya kawaida.

Niliporudi Dar es Salaam, kijiweni nikaomba helmeti. Dereva akanitazama, akauliza kama naenda Dodoma.