Mifupa ya Ng'ombe, Maji ya Nakuru na Saratani ya Mifupa

Kama umekulia Nakuru, Njoro au Gilgil, stori ya meno unaijua. Unafika Nairobi, unacheka kidogo tu, na mtu anakuuliza: "Wewe ni wa Nakuru, sivyo?" Rangi hiyo ya kahawia ni kazi ya floraidi iliyo kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi huku vinapita hapo.

Suluhisho moja lilitoka kichinjioni. Mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulianza kuchoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuri, kuisaga na kuitumia kuchuja maji. Nyama na mafuta yakishaungua, kinachobaki hasa ni kalsiamu na fosfeti zilizoshikana, madini yanayoitwa haidroksiapataiti. Floraidi ikipita hapo, inanaswa.

Sasa sikia hii. Madini hayo hayo ndiyo watafiti wa saratani ya mifupa wanayashughulikia maabarani.

Kuna saratani ya mifupa inaitwa osteosakoma. Hii haingoji uzee. Huwashika sana vijana walio katika umri wa kurefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Tiba ya kawaida ni kemo, upasuaji, halafu kemo tena. Daktari akishatoa kipande cha mfupa chenye uvimbe, anabaki na pengo la kujaza, na wasiwasi kwamba huenda kuna seli mbaya zimejificha kando. Kemo nayo hupitia kwenye damu, kwa hivyo hata nywele na tumbo hulipa deni lisilo lao.

Watafiti wanajiuliza: mbona kile kinachojaza pengo kisipigane pia? Haidroksiapataiti ya kiwandani tayari hutumiwa kujaza mifupa na kupaka nyonga za bandia, kwa kuwa mfupa huipokea kama mwenzake. Basi wanaipakia dawa ya saratani kwenye vitundu vyake, ili itoke pole pole papo hapo penye shida. Wengine wanachanganya chembe zenye sumaku. Ukiwasha mtambo wa sumaku nje ya mwili, chembe zinapata joto na kuziunguza seli za saratani.

Halafu kuna kioo. Ndiyo, kioo! Mwaka 1969, Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo kinachoshikana na mfupa. Ndani yake mlikuwa na silika, soda, kalsiamu na fosfeti. Soma tena orodha hiyo, bana. Ule unga mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Elementaita, ni silika. Soda iko Magadi. (Usianze kuchimba shamba la nyanya yako, cha kutiwa mwilini hutengenezwa kwa usafi mwingine kabisa.)

Punje za kioo zenye mionzi zimekuwa zikitumiwa Marekani kwa saratani ya ini tangu 1999. Kwa mifupa, kazi nyingi bado ziko maabarani na kwa wanyama, kwa hivyo mtu akikuuzia "unga wa kutibu saratani" stendi ya matatu, kimbia.

Na pengo hujazwa tu kama mguu bado unaokoleka. Hapo ndipo naona tunapoteza watu. Kijana anaumwa goti, tunasema ni mpira. Anachuliwa, anapakwa mafuta, miezi inapita. Nakuru sasa ina kituo cha saratani katika hospitali ya rufaa ya kaunti, lakini goti hilo halijafika hata zahanati. Maumivu yanayokuamsha usiku, au uvimbe unaozidi kukua wiki baada ya wiki, si ya mpira tena. Mara nyingi osteosakoma huonekana kwenye eksirei ya kawaida, ile ile unayopigwa ukivunjika mkono.