Babu Alikula Kiapo Mahakama Gani?

Anayesaka habari za babu yake aliyehamia Marekani kwa kawaida hukimbilia orodha za abiria wa meli. Hajui kwamba mengi anayoyatafuta yamelala mahakamani. Kuanzia sheria ya mwaka 1790, uraia wa tajnisi uliweza kutolewa na karibu mahakama yoyote yenye karani na muhuri, iwe ya shirikisho, ya jimbo, ya kaunti au hata ya mji.

Mambo yalikwenda kwa hatua mbili. Kwanza mhamiaji alitoa tamko la nia, akiahidi kumkana mfalme wake wa zamani. Alipotimiza miaka mitano nchini aliwasilisha ombi lenyewe, akala kiapo. Hakulazimika kuyafanya yote mahali pamoja: aliyetoa tamko New York aliweza kuapa Chicago, na ndiyo maana majalada ya mtu mmoja hupatikana miji miwili.

Tarehe ya kukumbuka ni 27 Septemba 1906. Kabla yake kila mahakama iliandika ilivyopenda. Karatasi nyingi za wakati huo zina jina, neno "Ireland" na kiapo cha kumkana Malkia Victoria, basi. Kwa anayemtafuta John Murphy, hiyo ni sawa na kuulizia Juma Kariakoo.

Baada ya tarehe hiyo fomu ikawa moja nchi nzima, na nakala ikapelekwa Washington. Tamko la nia likaanza kusimulia: kazi, urefu, uzito, rangi ya macho, kovu kama lipo, mahali alipozaliwa, jina la meli na siku ilipotia nanga. Ombi likaongeza mke, watoto na tarehe zao za kuzaliwa, pamoja na mashahidi wawili. Kuanzia 1929 tamko likabandikwa na picha.

Bibi je? Kati ya 1855 na 1922 mke alipata uraia kupitia kwa mumewe, kwa hiyo jalada lake mwenyewe ni nadra. Habari zake zitafutwe kwa mume. Wengine walifungiwa mlango kabisa. Hadi 1870 sheria iliwataja weupe tu. Mwaka huo Waafrika wakaruhusiwa, Waasia wakaachwa nje. Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa India aliyekuwa amelitumikia jeshi la Marekani, alikataliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1923.

Mahali pazuri pa kuanzia ni sensa za 1900, 1910 na 1920. Kwenye safu ya uraia, "Al" ni mgeni, "Pa" ametoa tamko, "Na" ameshakuwa raia. Ile ya 1920 hutaja hata mwaka. Ukiwa na mwaka na kaunti, mwandikie karani, na usiombe cheti peke yake. Cheti kilikuwa cha kutundikwa ukutani. Omba tamko na ombi.