Mtawala Mbele ya Swali

Wapo watu wanaodhani kwamba kumhoji mtawala ni kazi nyepesi ya waandishi wa habari. Filamu ya Frost/Nixon, iliyotoka mwaka 2008, yatuonyesha kwamba kazi hiyo yaweza kushika nafasi ya mahakama pale mahakama inapofungiwa mlango.

Richard Nixon alijiuzulu urais wa Marekani mwezi Agosti 1974 kwa sababu ya kashfa ya Watergate. Mwezi uliofuata mrithi wake, Gerald Ford, alimsamehe, na kwa hiyo hakupata kusimama kizimbani. Mwaka 1977 Mwingereza David Frost alimlipa dola 600,000, akamhoji kwa muda wa saa 28 hivi. Malipo hayo yaliwakera wengi, nao walikuwa na haki ya kukereka. Hata hivyo, mwishowe Nixon alikiri mbele ya umma kwamba aliwaangusha wananchi wake. Katika filamu, Frank Langella anaigiza Nixon na Michael Sheen anaigiza Frost. Ile simu ya usiku ambayo Nixon anampigia Frost ni ya kubuniwa, lakini mashindano ya swali na jibu ni ya kweli.

Mwandishi wa filamu hiyo, Peter Morgan, ni mmoja wa wawili walioandika mchezo wa The Last King of Scotland wa mwaka 2006, unaomhusu Idi Amin. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Kagera.

Nduli Amin naye aliwahi kuketi mbele ya kamera. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu ambamo Amin anajieleza mwenyewe. Anacheka, anaongoza mazoezi ya kuiteka milima ya Golan, na katika kikao cha mawaziri anamkaripia Waziri wake wa Mambo ya Nje. Haukupita muda mrefu, maiti ya waziri huyo ikaonekana katika mto Nile. Filamu ilipomchukiza, Amin aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawazingira kwa askari hadi Schroeder alipokubali kukata dakika mbili na nusu. Sehemu hizo zilirudishwa baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Tazama tofauti. Nixon alipokea fedha ili aulizwe. Amin alishika mateka ili asiulizwe. Palipo na bunduki mkononi mwa anayehojiwa, mahojiano hugeuka tamasha lake.

Je, The Last King of Scotland ilimhukumu? Forest Whitaker aliigiza vizuri hata akatunukiwa Oscar mwaka 2007. Lakini daktari Mskoti anayetusimulia ni mtu wa kubuniwa, na hadithi inakoma mwaka 1976, wakati wa utekaji wa ndege Entebbe. Mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka wa Mutukula, hauonekani. Hayaonekani mauaji, ng'ombe walioporwa, wala daraja la Kyaka lililovunjwa, pale ambapo barabara yetu ya Karagwe hukutana na ile ya Bukoba. Wala haisikiki sauti ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, akilitangazia Taifa kwamba tutampiga mvamizi.

Amin alifariki Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003. Hakuna mahakama iliyomwuliza kwa nini aliivamia Kagera. Swali hilo alikwenda nalo kaburini.

Lakini mashahidi wapo. Katika Karagwe, Kyerwa na Missenyi wangali hai wazee waliowapokea wakimbizi, waliopoteza mifugo, na waliokwenda vitani wakawaacha wenzao katika makaburi ya Kaboya. Kijana wa mwaka ule leo ni mzee, na mauti hayangoji kamera ya mgeni.

Walimu na vijana wetu wana simu zenye kamera. Wawaendee wazee hao kwa adabu, wawaulize kwa upole bila kuwawekea maneno kinywani, waandike jina la kijiji na mwaka wa tukio, kisha waitunze kazi hiyo katika maktaba za shule na ofisi za wilaya. Asiyesimulia habari zake husimuliwa na wengine, nao humsimulia wapendavyo.