Uso wa Mtoto na Hesabu ya Maji

Buigiri, wilayani Chamwino, inajulikana kwa shule yake ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950. Ipo katika nchi kame ya Wagogo, ambako trakoma, yaani vikope, imewapofusha watu vizazi kwa vizazi. Ugonjwa huu unazuilika, ila kinga yake huanzia kwenye desturi za nyumbani.

Bakteria wake hukaa kwenye tongotongo na makamasi ya watoto wadogo. Mikono, kanga ya kufutia uso na nzi huwahamisha kutoka jicho hadi jicho. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Ukubwani kope hupinda kuelekea ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho. Wengine huzing'oa kwa kibanio, nazo huota tena. Wanawake ndio huathirika zaidi, maana ndio walezi wa watoto.

Miaka ya 1980 watafiti walikwenda wilaya jirani ya Kongwa kujua kwa nini nyuso za watoto hazinawishwi. Jibu halikuwa umbali wa kisima peke yake. Watu waliamini kunawisha uso kunamaliza maji mengi, na maji ya ndoo yana hesabu yake: kunywa, kupika, mifugo. Uso wa mtoto ulikuja mwisho. Walipoonyeshwa hadharani kwamba lita moja inatosha nyuso nyingi, hesabu ilibadilika. Kina baba nao walihusishwa, kwa kuwa mama peke yake hapangi kila jambo la kaya.

Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Kongwa: vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kampeni ya kunawa uso vilikuwa na visa vichache vya trakoma kali kuliko vilivyopewa dawa pekee. Leo usafi wa uso ni nguzo ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, sambamba na upasuaji, dawa na mazingira safi.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, usiseme watu hawajali usafi kabla hujauliza nani anachota maji na nani anaamua matumizi yake. Nawe mzazi, mnawishe mtoto kila siku, hata kwa kikombe kimoja. Kope zikianza kukuchoma, nenda kituo cha afya mapema: upasuaji mdogo huokoa jicho.