Vita vya Magugu Visiwani Midway

Visiwa vya Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ni hifadhi ya Marekani yenye makazi makubwa kuliko yote duniani ya ndege aitwaye albatrosi. Adui wake mmojawapo ni *Verbesina encelioides*, mmea vamizi wa jamii ya alizeti. Husongamana hadi ndege wakakosa pa kutagia, na vifaranga wakanaswa humo.

Watu wa kujitolea huishi huko takriban miezi 6, waking'oa miche na kupulizia dawa kabla mbegu hazijakomaa. Wakichelewa, mbegu hudondoka na kukaa udongoni kwa miaka, zikisubiri mvua. Ndiyo maana eneo lililokwisha kusafishwa hukaguliwa tena na tena.

Anayetamani kazi ya namna hii ajiandae kwa jua, upepo na kuinama kutwa.