Kabla Damu Haijafika kwenye Mashine: Mambo ya Kuzingatia Unapopima Maabara

Kariakoo ina maabara binafsi na zahanati nyingi zinazowahudumia wakazi, wafanyabiashara na wageni wanaofuata bidhaa kutoka mikoani na nchi jirani. Baadhi yake huwavutia wateja kwa kutangaza kwamba vipimo vyao ni vya kompyuta. Tangazo hilo laweza kuwa la kweli, lakini halielezi jambo zima. Kompyuta husoma damu iliyokwisha kuandaliwa. Jinsi damu hiyo ilivyochukuliwa, ilivyoandikwa jina, ilivyosafirishwa na ilivyotenganishwa ndiyo huamua kama jibu litaaminika. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa ya maabara hutokea kabla kipimo chenyewe hakijaanza.

Katika makala haya tunaeleza namna sampuli ya damu inavyoandaliwa, kazi ambazo mashine zimezichukua, zile zinazobaki mikononi mwa watu, na mambo ambayo wewe mtumiaji wa huduma una haki ya kuyauliza.

Damu huandaliwaje?

Kila kipimo kina kichupa chake. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, nacho hutumika kwa kipimo cha picha kamili ya damu. Kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina dawa inayopunguza upotevu wa sukari. Damu iliyo katika kichupa chenye kifuniko chekundu au cha njano huachwa igande kwa takriban nusu saa. Baadaye kichupa huzungushwa kwa kasi katika mashine kwa dakika 10 hivi, ili chembe za damu zishuke chini na majimaji ya manjano yaitwayo seramu yabaki juu. Seramu hiyo ndiyo inayotumika kupima hali ya figo, ini, mafuta na mengineyo.

Muda una uzito mkubwa katika kazi hii. Chembe za damu huendelea kutumia sukari hata zikiwa ndani ya kichupa. Damu isiyotenganishwa na isiyo na dawa ya kuhifadhi, ikikaa katika joto la kawaida la chumba, hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, na joto kali huongeza kasi hiyo. Tuchukue mfano wa mtu aliyefunga usiku kucha, ambaye sukari yake ni milimoli 7.2 kwa lita. Kwa aliyefunga, kiwango cha 7.0 na kuendelea huashiria kisukari. Kichupa chake kikiachwa juu ya meza kwa saa 3, jibu laweza kusomeka karibu 6. Mtu huyo atarudi dukani kwake akiamini kwamba hana tatizo. Mashine haikukosea; imesoma kwa usahihi sukari iliyobaki.

Mashine zimechukua kazi zipi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dkt. Masahide Sasaki na wenzake katika Chuo cha Tiba cha Kochi, nchini Japani, walianza kutumia mikanda na roboti kubeba sampuli kutoka hatua moja hadi nyingine. Leo maabara kubwa duniani zina mitambo inayosoma lebo ya bakodi, kupanga vichupa kulingana na kipimo, kuvizungusha, kuvifungua, kukagua kama damu inatosha, na kugawa seramu katika vichupa vidogo vyenye utambulisho ule ule. Mitambo hiyo hupunguza makosa yatokanayo na uchovu, humkinga mtaalamu asiguse damu, na huweka kumbukumbu ya saa ya kila hatua.

Hata hivyo, mitambo hiyo ni ghali, huhitaji umeme wa uhakika na mafundi wa kuitunza, na huzifaa maabara zinazopokea vichupa vingi mno kwa siku. Katika maabara ndogo, upimaji waweza kufanywa na mashine ilhali maandalizi yote ni ya mikono. Hilo pekee si kasoro. Mtaalamu makini mwenye vifaa sahihi na anayefuata taratibu huandaa sampuli nzuri bila roboti.

Mashine haiwezi kufanya nini?

Kwanza, mashine huamini lebo. Katika foleni ya asubuhi si ajabu kuwapo watu wawili wenye majina yanayofanana. Lebo ya mmoja ikibandikwa kwenye damu ya mwingine, mtambo utalibeba kosa hilo hadi kwenye cheti cha majibu, na kila mmoja atatibiwa kwa damu ya mwenzake.

Pili, mashine haiwezi kuirejesha damu iliyoharibika. Damu iliyovutwa kwa nguvu au kutikiswa sana, chembe zake hupasuka na kumwaga potasiamu ndani ya seramu. Kipimo kitaonyesha potasiamu nyingi ambayo haimo mwilini. Mtambo wa kisasa waweza kugundua wekundu wa seramu na kutoa tahadhari, lakini tiba ya sampuli hiyo ni moja tu: kuchukua nyingine.

Tatu, mashine haijui safari ya kichupa kabla ya kuifikia. Maabara fulani huchukua damu hapa na kuituma kwingine kupimwa. Sampuli iliyobebwa kwa pikipiki katika jua la mchana na msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, bila kasha la kutunza ubaridi, yaweza kufika imeharibika.

Mambo unayopaswa kuyazingatia

1. Taja mwenyewe majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa. Usikubali kuitwa jina moja na kuitikia tu.

2. Hakikisha kichupa kinaandikwa au kubandikwa lebo mbele yako, mara tu baada ya damu kutolewa. Isome lebo kabla hujainuka kitini.

3. Angalia kwamba sindano ni mpya na imefunguliwa mbele yako.

4. Damu haipaswi kumiminwa kutoka kichupa kimoja kwenda kingine. Dawa iliyo katika kichupa cha zambarau hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu katika majibu. Kichupa hicho hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10; hakitikiswi.

5. Uliza: damu yangu itapimwa hapa au itapelekwa kwingine? Itatenganishwa baada ya muda gani?

6. Sema ukweli kuhusu chakula ulichokula na dawa unazotumia. Kwa kipimo cha sukari cha kufunga, usile chochote kwa saa 8 angalau, maji yanaruhusiwa.

7. Ukiitwa kutoa damu upya, usidhani unatozwa hila. Maabara inayokataa sampuli mbovu inakulinda. Unayo haki ya kuelezwa sababu, na ya kuuliza mapema kama marudio yana malipo.

Ukiwa na shaka

Maabara binafsi hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na wataalamu wake na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Vifaa na vitendanishi husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba kuonyeshwa cheti cha usajili. Maabara ikisema ina ithibati ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15189, uliza ni kwa vipimo gani, kwa kuwa ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyoorodheshwa tu.

Dai risiti na cheti cha majibu chenye jina lako, tarehe na saa ya kuchukuliwa damu. Majibu yasipolingana na hali yako, usibadili dawa wala kuziacha. Mwone daktari na uombe kipimo kirudiwe kwa sampuli mpya. Malalamiko yawasilishwe kwanza kwa msimamizi wa maabara. Yasiposhughulikiwa, yapelekwe kwa Bodi au kwa Mganga Mkuu wa Jiji, pamoja na nakala za risiti na cheti. Bila nyaraka hizo ni vigumu kwetu kubaini kosa lilitokea katika hatua ipi.