Umeme wa Gatini na Ulikaji wa Boti

Boti inapofunga gatini, taa zake, friji na chaja ya betri huweza kupata umeme wa nchi kavu kwa kebo yenye nyaya tatu: waya moto, waya nyutro na waya wa ardhi. Mbili za kwanza huleta umeme wa volti 230, au volti 120 huko Marekani. Wa tatu haubebi umeme wa matumizi, na hata hivyo ndio unaomfikirisha fundi kuliko hizo mbili.

Waya wa ardhi huunganishwa na injini, mtaimbo wa rafadha na vyuma vingine viguseavyo maji. Waya moto ukichubuka na kugusa injini, umeme hupata njia rahisi ya kurudi nchi kavu, mkondo hupanda ghafla, na kikata umeme hujifyatua. Pasipo waya huo, umeme hutafuta njia majini. Maji ya bahari huutawanya kwa wepesi. Lakini katika maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Victoria, mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yenyewe. Mkondo wa ampea 0.02 hivi watosha kukakamaza misuli ya mwogeleaji, naye akazama pasipo kuomba msaada.

Kwa nini basi baadhi ya wenye boti hushawishika kuukata? Ni kwa sababu waya huo huziunganisha boti zote zilizochomekwa katika gati moja. Mwanafunzi aliyewahi kutumbukiza zinki na shaba katika maji ya chumvi ataelewa mara moja: boti ya alumini, jirani yake mwenye rafadha ya bronzi, bahari katikati na waya unaowaunganisha, hiyo ni betri kamili. Volti zake hazifiki moja, ila hufanya kazi usiku na mchana. Vipande vya zinki vilivyofungwa ili vilike badala ya vyuma vingine huisha upesi, kisha alumini yenyewe hutoboka.

Dawa si kukata waya, bali kuupitisha katika diodi: mbili zilizofuatana, na mbili nyingine zilizoelekezwa kinyume. Diodi mbili za silikoni hazifunguki mpaka zipate volti 1.2 hivi, umeme wa ulikaji hukwama hapo, ilhali umeme wa hitilafu hupita. Sharti diodi hizo ziweze kuhimili mkondo mkubwa, kwani zikiungua na kukatika, kinga imetoweka na hakuna atakayejua.

Bora zaidi, ingawa ni ghali na nzito, ni transfoma ya kutenga. Humo umeme huvuka kwa nguvu za sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, pasipo waya wa nchi kavu kugusana na wa botini.

Aidha, kikata umeme kinachohisi uvujaji wa ampea 0.03 kiwekwe. Kebo nayo ichomekwe botini kwanza, gatini mwisho. Wakati wa kuondoka, gatini kwanza. Hivyo ncha ikiponyoka na kutumbukia majini, haitakuwa na umeme.